Nakala Inauzwa

Orodha za wauzaji wa vitabu vikongwe wa Ulaya na Marekani zina adabu yake. Hutajwa kwanza mwandishi, kisha mji, mwaka na idadi ya kurasa, halafu hali ya kitabu chenyewe: jalada limechubuka, pembe zimekunjika, ukurasa wa mwanzo una saini ya aliyekuwa mwenyewe, pana madoa ya unyevu. Mwisho kabisa ndiyo bei. Mtu wa pwani anayezipitia orodha hizo hukutana na jamaa zake. Muyaka bin Haji yumo. Mwana Kupona yumo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yumo na Inkishafi yake. Na siku hizi, katika orodha za wale wanaouzia vyuo vikuu, filamu nazo zimewekwa ubavuni mwa vitabu: mwimbaji wa taarabu ameshikana bega na kamusi, na mapinduzi yetu yako baina ya sarufi ya Kibantu na utafiti wa uvuvi.

Historia ya fasihi yetu imeandikwa mara nyingi kwa kuuliza nani katunga, lini, kwa bahari gani, na kwa lahaja ya wapi. Hayo ni maswali ya haki. Lakini utungo ukishatiwa katika kitabu huwa pia ni bidhaa, na bidhaa ina mlango wake wa kuingilia, nao ni mlango wa duka. Mji kitabu kilikouzwa, lugha ya maelezo yake, na fedha iliyotakiwa ili mtu akichukue, hutwambia jambo ambalo dibaji ya mhariri haitwambii: kwamba alipokaa kuandika, msomaji aliyekuwa machoni pake alikuwa nani. Makala haya yanaingilia mlango huo.

Kabla ya duka palikuwa na zidaka. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, na hapa Unguja pia, chuo kiliwekwa katika kidaka cha ukutani pamoja na sahani za Kichina, na kilitoka pale kwa kuazimwa. Aliyekitaka alikinakili mwenyewe au alimtafuta mwenye mkono mzuri akamnakilia. Ujira ulikuwapo, tusijidanganye kwamba wazee wetu walifanya kazi kwa hewa. Lakini kilicholipiwa kilikuwa ni kazi ya mkono na karatasi, si utungo. Ndiyo maana tenzi nyingi humalizika kwa jina la mwandishi aliyenakili na tarehe yake, naye akaomba asamehewe alipokosea. Juu ya mpango huo palikuwa na mwingine wenye nguvu zaidi, ndio wakfu. Chuo kikishawekwa wakfu msikitini hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa na Habib Saleh, umehifadhi vyuo vya namna hiyo hata leo, na kurasa zake zimepigwa picha za kompyuta kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, kiasi ambacho mtu wa popote anaweza kuzitazama bila ya kutoa hata senti. Hivyo vyuo vya Riyadha vimevuka bahari na bado haviuzwi, jambo ambalo ni nadra, kama tutakavyoona.

Karne ya 19 ndiyo iliyoleta wanunuzi wa namna nyingine. Katikati ya karne hiyo mmisionari Krapf alituma Ujerumani miswada ya tenzi aliyoipata pwani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa hapa Unguja, pamoja na beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Mwaka 1894 Carl Büttner alitoa Berlin mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili. Msikiti na zidaka havikuwa na habari. Utendi wa Tambuka, ambao una mswada wenye tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, ulitungwa Pate. Leo mswada huo mkongwe uko Hamburg, na mwaka 1958 utendi huo ulitolewa katika mji wa Alkmaar ukiwa na maelezo ya Kiholanzi. Nautaja mji huu kwa kuwa sidhani kama Bwana Mwengo aliuota.

Ni wepesi kuyasimulia haya yote kama kisa cha wizi, na wako wanaoyasimulia hivyo. Mimi kisa hicho hakinitoshi, kwa sababu ya mtu mmoja wa Lamu.

Muhammad bin Abubakar Kijuma alizaliwa katikati ya karne ya 19 na akafa mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mwandishi wa khati, mchonga milango, mpiga ala na bingwa wa ngoma za gungu. Mtu ambaye angekaa mji wowote wa dunia mji ungemjua. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa ndiye mlango wa fasihi ya Kiswahili kwa Wazungu. Alice Werner alipata kwake tenzi. William Hichens alipata kwake. Ernst Dammann, aliyekwenda Lamu mwaka 1936 pamoja na mkewe, alipata kwake. Kijuma alinakili, akatia nakshi na rangi, akaongeza maelezo ya maneno na ya ngoma ambayo mtu wa Lamu asingeyahitaji kabisa, akapeleka, na akalipwa.

Tazama alichokifanya hapo. Aliona kwamba mnunuzi wake si jirani, akaitengeneza nakala kwa kiasi cha mnunuzi. Jirani hahitaji kuelezwa gungu ni nini, kwani kesho usiku atalicheza; mtu wa London anahitaji. Kwa hivyo mswada wa Kijuma ni kitu kipya katika historia yetu: si chuo cha zidaka, wala si chuo cha msikiti, bali ni nakala iliyoandikwa ili iuzwe kwa mgeni. Ukipenda, yeye ndiye muuza vitabu vya kitaaluma wa kwanza wa pwani hii, miaka mingi kabla ya maduka yenye vioo. Wako wanaomlaumu kwamba aliuza turathi. Lawama hiyo haina mizani. Kijuma aliuza nakala. Utungo ulibaki kinywani mwa watu wa Lamu na asili zilibaki katika nyumba zao. Yaliyozifikia asili hizo baadaye, mchwa, unyevu, warithi wasiojua kusoma khati za Kiarabu, hayakuwa kazi yake. Na tenzi kadha tunazozisoma leo tunazisoma kwa kuwa mkono wake ulizinakili na mtu wa mbali akazilipia.

Lakini kuna jambo la pili, nalo haliko katika mswada bali katika kitabu kilichozaliwa na mswada. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Hakuna utungo wa Kiswahili unaoonyesha wazi zaidi uliandikiwa nani: mama yuko kitandani, mwana yuko mbele yake, ameambiwa asogee na wino na karatasi. Mwaka 1917 utendi huo ulichapishwa Cambridge ya Massachusetts, katika mfululizo wa chuo cha Harvard. Mwaka 1934 Werner na Hichens waliutoa kitabu kizima katika kijiji cha Medstead, Uingereza. Ni kitabu chenye tafsiri na maelezo, na kila kilicho nje ya beti ni kwa Kiingereza. Mjukuu wa Mwana Hashima angekitaka, angehitaji kwanza kujua kwamba kipo, kisha apate fedha za kigeni, kisha ajifunze lugha nyingine ili aelezwe bibi yake alikuwa nani. Hapo Kijuma hayumo tena. Nakala yake ilikuwa na bei aliyoitaja yeye. Kitabu kilikuwa na bei iliyotajwa kwengine, na katika bei hiyo yeye hakuwa na fungu.

Wala si fedha peke yake inayopotea njiani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka mjini Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni maandishi yake. Jina lililo katika jalada ni la Carl Velten, mkusanyaji. Mtoro aliishi Ujerumani miaka mingi na akafia Berlin mwaka 1927. Ilipofika 1981, chapa ya Kiingereza iliyotayarishwa na J.W.T. Allen ilitoka katika Chuo Kikuu cha California, na hapo ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari lilipoandikwa mbele ya kitabu chake. Miaka 78 ilipita baina ya jalada la kwanza na la pili. Mwenye kutafuta kitabu hicho katika orodha za vikongwe hana budi ajue kukitafuta kwa Velten, maana chini ya M hatakipata. Muuzaji si wa kulaumiwa. Yeye huandika kilicho katika jalada.

Mwaka 1940, dunia ikiwa vitani, vilitoka vitabu viwili vya tungo za pwani katika miji miwili ya mbali. Hamburg kilitoka kitabu cha Dammann cha tungo za Kiamu, ambacho ni matunda ya safari yake na ya mkono wa Kijuma, maelezo yake yote kwa Kijerumani. Johannesburg ilitoka Diwani ya Muyaka. Safari ya diwani hii inafaa isimuliwe polepole. Muyaka alikufa Mombasa yapata 1840, na mashairi yake yakabaki vinywani. Miaka kama arobaini baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdalla aliyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa wakiyahifadhi, na akafanya kazi na Taylor, mmisionari aliyekuwa akikaa Mombasa. Sikujua akafa mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikaishia London, Hichens akazifungua, na matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand ikazichapa. Kwa ufupi, shairi lililotungwa kujibizana na watu wa Lamu, siku chache za upepo mzuri kutoka Mombasa, liliizunguka nusu ya dunia ili lirudi katika karatasi.

Hata hivyo kitabu hiki ni tafauti na wenzake, na tafauti yake imenifanya nimpende Hichens kuliko ninavyompenda Werner, ingawa Werner alikuwa na ilimu zaidi. Khabari za maisha ya Muyaka zilizomo ndani yake zimeandikwa kwa Kiswahili. Mhariri Mwingereza, matbaa ya Afrika Kusini, lakini aliyekusudiwa kukisoma ni Mswahili. Imewezekana mara moja, mwaka 1940, katikati ya vita. Basi anayesema leo kwamba kitabu cha kitaaluma hakiwezi kuelezwa ila kwa lugha ya kigeni, huyo amechagua, hakulazimika.

Kisha ukaja wakati ambao mlango wa duka ulielekea kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, na kwa ushirika wake na Kamati ya Kiswahili vikaanza kutoka vitabu vyembamba vya jalada la karatasi, vilivyouzwa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja kwa bei ambayo mwalimu wa shule angeweza kuitoa bila ya kukopa. Amri Abedi alitoa Kanuni za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hadi leo mshairi anayejifunza peke yake huanzia hapo. Mimi nilianzia hapo. Mfululizo wa Johari za Kiswahili ulileta Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, na Utenzi wa Vita vya Uhud uliokusanywa na Haji Chum wa Unguja. Hivyo vilikuwa vitabu vya kitaaluma kwa kila maana, vyenye kulinganisha miswada na kueleza maneno magumu, navyo vilitiwa mfukoni vikasomwa kwenye baraza. Kosa lake lilikuwa moja: vingi viliendelea kubeba Kiingereza pembeni, kama mgeni aliyekaribishwa akakataa kuondoka.

Mlango huo haukukaa wazi sana. Lyndon Harries alitoa kitabu chake kikubwa cha ushairi wa Kiswahili mwaka 1962, katika matbaa ya Oxford. Knappert akafuata Leiden mwaka 1967 na 1971. Yakatoka mambo ambayo mtu akiyatazama kwa makini hucheka kwa uchungu. Ahmad Nassir wa Mombasa alikuwa kijana anayekaa Mombasa, anayetungia Mombasa, na kusomwa na watu wa Mombasa. Lakini mashairi yake yalitiwa kitabuni kwanza Madison, Wisconsin, mwaka 1966, na Malenga wa Mvita ikaja kutoka Nairobi mwaka 1971. Amerika ilimpata miaka mitano kabla ya Nairobi. Naye Ibrahim Noor Shariff, mtoto wa hapa Unguja, alipotaka kuwajibu wataalamu wa kigeni juu ya misingi ya ushairi wetu, aliandika Tungo Zetu kwa Kiswahili kitupu, kikatoka mwaka 1988 Trenton, New Jersey. Kilichoandikwa kwa lugha yetu na kwa ajili yetu kikawa kinauzwa kwa dola, ng'ambo ya Atlantiki. Wengi tuliokisoma tulikisoma kwa vivuli vya fotokopi, vyenye kurasa zilizokatika pembeni ambapo herufi ya mwisho ya kila mstari lazima uibahatishe. Kwa kitabu cha nathari ni usumbufu. Kwa kitabu cha mashairi, ambamo herufi ya mwisho ndiyo kina, ni jambo jengine.

Nije katika filamu, ambazo khabari yake ni fupi kwa kuwa umri wake ni mfupi. Filamu kwanza haikuwa kitu cha kununuliwa bali cha kuingiliwa. Unguja ilikuwa na jumba zuri la Royal tangu 1921, ambalo baadaye liliitwa Majestic, likaungua na kujengwa upya miaka ya 1950. Palikuwa na Empire, palikuwa na Sultana. Watu walilipa wakaingia, wakaliona penzi la Bombay au la Cairo, wakatoka nalo kichwani. Nyimbo za filamu hizo ziliingia katika taarabu zetu bila ya mtu kuuliza hati. Mwaka 2018 Laura Fair alitoa kitabu kizima juu ya majumba hayo na watazamaji wake, kutokana na mazungumzo na watu wa Unguja na wa miji mingine ya Tanzania, na kitabu hicho kikatoka Ohio. Hivyo hata kumbukumbu ya mtu kwenda sinema na mchumba wake imeshakuwa bidhaa ya kitaaluma. Sisemi kwa ubaya, kitabu ni kizuri, na wazee waliohojiwa wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Filamu iliyotuhusu sisi wenyewe na ikauzwa duniani kote ilitujia kwa mlango mbaya kuliko wote. Januari 1964 Waitaliano Jacopetti na Prosperi na watu wao waliruka na ndege juu ya kisiwa hiki, wakapiga picha kutoka angani: watu waliokusanywa, watu wanaokimbilia pwani, maiti, makaburi ya pamoja. Mwaka 1966 picha hizo zikaonyeshwa ndani ya filamu waliyoiita Africa Addio, iliyolaumiwa na wengi kwa dharau yake juu ya Waafrika. Nchini Marekani ilikatwakatwa ikatangazwa kwa jina la damu na matumbo, kama filamu ya kutisha. Baadaye ikawekwa katika kaseti za video na diski, ikauzwa ndani ya kasha zuri pamoja na filamu nyengine za mashangao ya dunia.

Nimeingiza filamu hii hapa kwa sababu ya swali lile lile la mlango wa duka. Wale watu wadogo wanaoonekana kutoka angani, hawana sura, hawana majina. Msemaji wa filamu hawajui wala hakutaka kuwajua. Lakini hapa kisiwani wapo waliowatazama kwa kutaraji kumtambua mtu: kwa mwendo, kwa kanzu, kwa mahali alipoonekana mara ya mwisho. Muuzaji wa Rome na mnunuzi wa New York walikuwa wakiuziana mshangao. Kwa msiba huo hatukuwa na picha nyengine ya kutazama, na hii ilibidi tuipate kwa kuinunua, au kwa kunakiliwa kimya kimya kutoka kaseti moja hadi nyengine. Mwanzoni nilisema habari ya wakfu. Kama kuna kitu kilichostahiki kuwa wakfu wa kisiwa hiki, kisichouzwa wala kurithiwa, ni dakika zile chache za picha, zikitolewa ndani ya filamu ile na kuhifadhiwa peke yake pamoja na majina ya waliopotea.

Za baadaye ni za heri. Tamasha la Filamu la Zanzibar lilipoanza mwaka 1998, lilituzoesha kuona filamu za nchi za jahazi zikionyeshwa Ngome Kongwe, mara nyingine bure kwa wakaazi. Andy Jones alimfuata Bi Kidude kwa miaka, akatoa filamu yake mwaka 2006, na nyengine mwaka 2015 baada ya mama huyo kufariki mwezi wa Aprili 2013. Ron Mulvihill alitoa mwaka 2016 filamu ya miaka mia moja ya Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905. Katika filamu hizi watu wana majina, wanasema kwa lugha yao, na wanacheka wakati wanaotaka wao. Tofauti na ndege ya 1964 ni kubwa mno. Lakini soko ni lile lile. Huko Marekani filamu za kufundishia aghalabu huwa na bei mbili, moja ya mtu binafsi na moja ya chuo, na ya chuo huweza kufika dola mamia kadha kwa diski moja. Chuo cha kule hulipa kutoka katika bajeti ya maktaba. Chuo cha hapa, ambacho kina wanafunzi ambao babu zao ndio wanaopiga fidla katika filamu hiyo, hakina fungu la namna hiyo.

Vitabu navyo vimepanda. Kitabu kipya cha kitaaluma cha jalada gumu, juu ya tenzi au khati au historia ya pwani, kikitoka katika matbaa kubwa za Ulaya aghalabu hupita dola 100. Wakati huo huo asili zenyewe zimerahisika. Chuo cha SOAS cha London kimeweka wazi katika intaneti miswada mingi ya Kiswahili iliyomo katika hazina zake, pamoja na karatasi za akina Taylor, Werner na Hichens, na kazi ya kuiorodhesha ilimtegemea sana Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008. Khati za Kijuma unaweza kuziona leo kwa simu ukiwa umekaa Forodhani.

Basi tumefika mahali pa ajabu. Mswada ni bure na ufunguo wake ni ghali. Kijana wa leo hasomi Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Shule haikumfundisha, na ya chuoni aliyasomea Qurani, si utendi. Akiufungua ukurasa wa Kijuma ataona nakshi tu. Anayetaka kuuingia anahitaji mtu aliyeunukulu kwa herufi za kilatini, akaeleza maneno ya Kiamu, akalinganisha nakala, na kazi hiyo imo ndani ya kile kitabu cha dola 100, kwa Kiingereza au Kijerumani. Miehe na Vierke walipotoa mwaka 2010 huko Köln kitabu cha maandishi ya Kijuma, walifanya kazi ya heshima ambayo mimi kama mfasiri naivulia kofia. Ningependa ifike pia Lamu kwa bei ya Lamu. Yapo majarida yaliyokwishaamua kuacha bei, kama Swahili Forum linalosomwa bure, na hayakufa kwa kufanya hivyo.

Kijuma alipoletewa kazi aliuliza atalipwa nini. Watu wetu wengi wanaojiwa leo na kinasa sauti au kamera hawaulizi chochote, kwa haya au kwa ukarimu. Kilichobaki kuulizwa si fedha hasa. Malenga aulize kabla ya kufungua kinywa: kitabu kitakuwa na sehemu ya Kiswahili au la, jina langu litakuwa jaladani au ndani ya shukurani, filamu itaonyeshwa hapa kwanza au mwisho. Na katika karatasi atakayotiwa mbele aitie saini, aandike kwa mkono wake mstari mmoja zaidi: nakala mbili zirudi, moja iwekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na moja ipelekwe Pemba.